Likizo ya Mwisho ya Bwana Shii

Jina lake halisi lilikuwa ndani ya faili la ofisi, na humo lilikuwa limelala fofofo. Watu wote, kuanzia watoto wa shule mpaka mkubwa wa idara aliyekuja mara moja kwa mwaka kuangalia kama jengo bado limesimama, walimwita Bwana Shii. Watoto ndio waliompa jina hilo, kwa ajili ya ile sauti aliyoitoa mtu akikohoa. Kikohozi cha kwanza alikusamehe. Cha pili alikuona umekuja kwa nia.

Alikuwa mkutubi. Maktaba yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja mrefu, madirisha ya upande mmoja hayafunguki na ya upande wa pili hayafungiki, meza zimechongwa majina ya wapenzi walioachana zamani, na mbele kabisa kaunta ambayo yeye alisimama nyuma yake tangu angali na nywele. Nyumba ya mtumishi ilikuwa vyumba viwili vilivyoegemea ukuta wa nyuma wa maktaba. Humo ndimo alimoishi. Kutoka kitandani mpaka kazini alitembea mwendo ambao wengine hutembea kwenda chooni, na mvua ikimkuta njiani ni kwa sababu alisimama kuifikiria.

Hakuoa. Zamani watu walimuuliza, naye akajibu kwamba bado anaangalia. Wakaacha kuuliza, na baada ya muda na yeye akaacha kuangalia, bila ugomvi na mtu.

Kilichomharibu zaidi ni sauti. Mtu akinong'ona miaka nenda miaka rudi, sauti ya kawaida inaingia kutu. Akienda sokoni, muuza nyanya alimtegea sikio mpaka akachoka, akamuuliza kama amekuja kununua au kumfanyia uganga. Kwenye misiba alitoa pole mara tatu kabla ya mfiwa kujua kuna mtu amesimama mbele yake. Si kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na maneno makali tu, lakini yalitoka kwa sauti ya mtu anayeomba njia.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo yeye na wenzake waliiita kupalilia. Maktaba ni kama tumbo, haiwezi kuingiza tu bila kutoa. Vitabu vipya vinakuja, rafu haziongezeki, kwa hiyo lazima vingine viondoke. Bwana Shii alifungua ukurasa wa mwisho wa kila kitabu, pale inapobandikwa karatasi ya tarehe, akatazama muhuri wa chini kabisa. Kama miaka mitano imepita bila mtu kukiazima, kitabu kinatoka. Hakuna cha jalada zuri, hakuna cha kuonea haya. Msaidizi wake, msichana mwenye roho ya muuguzi, alikuwa akivikumbatia baadhi na kumbembeleza avipe mwaka mmoja wa ziada. Bwana Shii alimjibu kwamba rafu haina shangazi. Kisha alipiga muhuri wa kuondolewa, pa, sauti pekee kubwa aliyojiruhusu ndani ya ukumbi ule.

Tofauti na kupalilia, likizo aliimeza kama dawa ya minyoo. Siku ya kwanza alisafisha nyumba. Siku ya pili aliisafisha tena, maana hakukuwa na mtu wa kuichafua. Siku ya tatu alipita maktaba kwa bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo ilidumu mpaka saa za kufunga. Mwaka mmoja alipiga moyo konde akapanda basi kwenda kuona maporomoko ya maji ambayo kila mtu aliyasifia. Alisimama pale, maji yanashuka kwa kishindo, watalii wanapiga picha, yeye akijiuliza kitu hiki kingekaa kwenye rafu ya jiografia au ya starehe. Alipokata shauri kwamba ni jiografia alirudi nyumbani kwa basi lilelile.

Sasa likizo hii ilikuwa ya mwisho. Ikiisha, angerudi kukabidhi kazi, kisha astaafu, na siku ya kustaafu ndiyo siku ya kurudisha funguo za nyumba. Mkutubi aliyetajwa kushika nafasi yake alikuwa na mke, watoto na friji, na walishakuja mara mbili kuiangalia nyumba ile, kwa adabu zote, wakimuuliza mzee anajisikiaje huku wanapima dirisha kwa macho.

Bwana Shii hakuwa na pa kwenda. Neno ndilo hilo na halina mzunguko. Wazazi walishatangulia, nyumba yao ikauzwa, na marafiki zake wote walikuwa watu waliomjua kwa kadi za uanachama. Aliyebaki ni mdogo wake wa kike, mjane, mpishi wa shule ya bweni, aliyeishi mji wa jirani na binti yake msusi. Nyumba yao ilikuwa ndogo, lakini uani kulikuwa na chumba kilichojitenga, kimejaa makorokoro, hakilali mtu. Zamani kilikuwa karakana ya shemeji yake marehemu, fundi redio.

Chumba hicho ndicho alichokitaka. Alikitaka mpaka akawa anakiota, na ndotoni kilikuwa na pazia. Lakini kulikuwa na kizuizi kimoja. Maisha yake yote Bwana Shii alisimama upande ule wa kaunta ambao watu huujia kuomba. Kuombwa alikujua, na kujibu ndiyo au hapana alikujua. Kuomba mwenyewe hakuwahi kufanya hata mazoezi. Kwa hiyo aliamua kwenda kwa dada yake likizo hii, akae karibu na chumba kile, na kumwacha dada mwenyewe apate wazo.

Alipokelewa vizuri. Mdogo wake alikuwa amezoea kuongea juu ya masufuria ya kulisha shule nzima, kwa hiyo hata salamu yake ilipita nyumba mbili. Alimuuliza kaka amekonda au ni shati limekua. Akamwekea mto kwenye kochi la sebuleni, akamwambia ajisikie nyumbani, na kochi likamwambia vinginevyo, maana lilikuwa fupi na miguu yake ilining'inia nje kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Bwana Shii alianza kurusha vidokezo. Aliuliza kama chumba cha uani kina hewa. Akajibiwa kwamba kina panya, nao hawajalalamika. Aliuliza dirisha lake linatazama wapi. Akajibiwa kwamba linatazama ukuta, kwani alitaka lione nini. Akasema, kwa ule mnong'ono wake, kwamba ni bahati mbaya chumba kizuri namna ile kukaa bure. Mdogo wake alikuwa anamenya viazi. Mkono ukasimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Hakikai bure," alisema. "Kina vitu."

Asubuhi moja, dada mtu akiwa mlangoni na kiatu kimoja mguuni, anachelewa kazini, Bwana Shii aliuliza kama anaweza kumpangia kile chumba, walau apitishe siku.

"Panga tu, kaka," alijibu, akitafuta kiatu cha pili kwa mguu. "Bora uwe na kazi. Ukikaa hivyo kimya kwenye kochi langu unanitisha, nadhani umekufa."

Panga, ndivyo alivyosema. Lakini kwa mkutubi, kupanga bila kupalilia ni kusukuma vumbi kutoka kona hii kwenda kona ile. Bwana Shii alikunja mikono ya shati, akafungua mlango wa chumba, na kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze uso wake ukawa na damu.

Mle ndani palikuwa na redio zisizo na matumbo, spika zilizopasuka, nyaya zilizofungana kama watoto wanaogombana, baiskeli yenye gurudumu moja, ndoo zenye matundu, vibao vya kitanda kisichojulikana kilikwenda wapi. Alitoa kitu kimoja kimoja uani, akavigawa kwa aina. Kila alichokishuku alimwonyesha mpwa wake, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda anamsuka mteja, kichwa cha mteja kimebanwa katikati ya magoti kama nazi inayosubiri kufuliwa.

"Hii ndoo mara ya mwisho imetumika lini?"

Mpwa alisema hakumbuki. Hizi nyaya je? Tangu baba yupo. Na baiskeli? Mjomba, baiskeli hiyo hata baba aliikuta hivyo. Kila jibu likikaribia miaka mitano, kitu kilikwenda upande wa ukuta, kwenye lundo la kuondoka.

"Na wewe mjomba," mpwa akauliza bila kuinua macho kwenye msuko, "mara ya mwisho kuazimwa lini?"

Mteja alicheka mpaka kichwa kikatoka kwenye magoti na kazi ikabidi irudiwe. Bwana Shii naye alicheka. Alicheka vizuri tu, akaokota ndoo, akaipeleka kwenye lundo, na huko akakaa muda mrefu kidogo kuliko ndoo ilivyohitaji.

Mchana mteja aliondoka, na msusi akaenda dukani kununua nywele za kazi ya jioni. Bwana Shii alibaki peke yake na chumba kilichokuwa karibu kuwa kitupu. Alisukuma mlango ili afagie nyuma yake, na pale, kwenye msumari, palining'inia ovaroli ya fundi. Ilikuwa ya rangi ya bluu iliyochoka, imetobolewa na cheche, begani ina kiraka cha kijani kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Ilikuwa imekaa pale muda mrefu hata viwiko vimekauka vikiwa vimepinda, kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo kwenda kunywa maji. Bwana Shii aliitazama. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, na kwa kweli hakuona haja ya kuuliza. Mwenyewe hayupo, nyumba haina mwanamume mwingine, na nguo haijavaliwa tangu msiba. Akaitungua.

Mzoa taka wa mtaa alipopita na mkokoteni wake, Bwana Shii alimkabidhi lundo lote. Jamaa alipakia bila maneno mpaka alipofika kwenye ovaroli. Akaikung'uta, akaipima kifuani.

"Na hii, mzee? Mbona bado nzima?"

Bwana Shii alimwambia achukue tu. Jamaa alipouliza kama anaweza kuivaa mwenyewe, alimwambia avae, na moyoni akafurahi sana. Kitabu kilichokosa msomaji kimempata. Ni mara chache kupalilia kunaisha vizuri hivyo.

Dada aliporudi jioni alisimama kwenye kizingiti cha chumba akapiga kelele kwamba kumbe kina sakafu. Aliita binti yake aje aone. Alisifu dirisha, ambalo lilikuwa limeoshwa mpaka ukuta wa nje ukaonekana una rangi. Redio chache nzima zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, vyombo vya kazi vya marehemu vimewekwa kwenye sanduku moja na kibandiko juu yake, na katikati palikuwa na nafasi, pana, safi, ya kutosha kitanda cha mtu mmoja na meza. Mlango ulikuwa wazi, umelala ukutani, na nyuma ya mlango hakuna aliyetazama.

"Kaka, serikali imekuficha," alisema. "Ulipaswa kuja kunisafishia jiko la shule."

Alitazama ile nafasi tena. Akasema chumba hiki sasa mtu anaweza hata kulala. Alisema hivyohivyo tu na kuondoka kwenda kuinjika chai, lakini Bwana Shii alibaki pale na neno lile kama mtu aliyepewa mtoto ashike. Alikaa kwenye kochi akipanga: kitanda kule, meza chini ya dirisha, taa juu ya meza. Aliamua kwamba Jumamosi, dada akiwa hana kazi, wakati wa chai ya asubuhi, atasema. Alijizoeza maneno bafuni, kwa sauti kubwa, mpaka mpwa akagonga kuuliza kama mjomba anaongea na sabuni.

Kesho yake asubuhi na asubuhi zilizofuata, dada mtu aliondoka mbiombio bila kupita uani, maana shuleni kulikuwa na wageni wa ukaguzi na alitakiwa mapema. Bwana Shii hakujua kwamba hilo lilikuwa jambo geni.

Jumamosi ikafika. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka uani, chai ipo, mkate upo, jua limeanza kupanda ukuta. Msusi alikuwa anachana nywele zake mwenyewe, bure. Bwana Shii aliweka kikombe chini. Akakohoa, akashtuka kwa kikohozi chake, akaanza.

"Mdogo wangu, nilikuwa nataka..."

Lango likafunguka. Mzoa taka alikuwa anaingia kinyumenyume, kama alivyofanya kila mara, akiuvuta mkokoteni upite pale palipo pembamba. Kwanza ulionekana mgongo. Ovaroli ya bluu, kiraka cha kijani begani, uzi mweupe. Mwanamume wa kimo kilekile, ameinama kidogo, anavuta kitu kizito na kukiingiza nyumbani.

Dada mtu alisimama. Kikombe kilipinduka, chai ikakimbilia mkeka, hakuna aliyeigusa.

"Umerudi?" alisema.

Alisema polepole. Katika maisha yao yote Bwana Shii hakuwahi kumsikia mdogo wake akitoa sauti ile. Ilikuwa ndogo kuliko hata ya kwake.

Jamaa aligeuka. Alikuwa mzoa taka, na masharubu yake, na salamu zake za siku zote. Alimtazama yule mama, akamtazama Bwana Shii, akajitazama kifuani, akaelewa haraka kuliko msomi yeyote angeelewa. Akaanza kufungua vifungo. Akasema mama amwie radhi, alipewa, lakini si neno, anaivua sasa hivi.

"Acha," alisema dada mtu. "Umeshaivaa. Baki nayo."

Kisha akaenda chumba cha uani, akaingia, akafunga mlango. Aliufunga ili aone nyuma yake. Walimsubiri sana atoke. Mzoa taka alichukua taka zake na kuondoka kwa ncha za vidole, mkokoteni wenyewe haukulia.

Msusi ndiye aliyemweleza mjomba wake, na safari hii bila mzaha. Kwamba mama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini hupitia chumba kile. Husema anafuata kitu, na hutoka mikono mitupu. Anasimama nyuma ya mlango, anashika mkono wa ile ovaroli, anaiambia habari za nyumbani: nani anaumwa, nani ameongezewa kazi, binti amegombana na nani. Anaongea taratibu, yeye ambaye hata akisali majirani huitikia. Msusi alisema wao wanaosikia hujifanya hawasikii.

"Wiki hii tu hakupita, kwa ajili ya wale wakaguzi," alisema. "Ungeniuliza, mjomba."

Mdogo wake alipotoka, alikuwa ameshajifuta uso. Bwana Shii alisimama mbele yake, akasema anachoweza kusema, na kilikuwa kidogo. Kwamba hakujua. Kwamba alidhani haitumiki.

"Nilikwambia upange," alisema dada. "Sikukwambia utoe."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Matusi yake yalikuwa mengi na mtu hujikinga humo ndani yake. Alikwenda kuosha mkeka. Bwana Shii alikunja mashati yake, akaaga kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri, na mchana ule akapanda basi.

Likizo ilikuwa bado ndefu. Alijifungia kwenye vyumba vyake viwili na kusikiliza maktaba kupitia ukuta. Alisikia viti vikivutwa. Alisikia watoto wakicheka, na msaidizi wake akiwanyamazisha kwa "jamani, jamani," mbinu laini isiyo na meno. Siku moja alishindwa, akaenda mpaka mlango wa ukumbi. Msaidizi alimtoa kwa tabasamu, akisema mtu wa likizo haruhusiwi kupumua vumbi la serikali, aende akapumzike, kwani hana watu wa kuwatembelea? Akasema anao. Akarudi nyumbani kwa kuzunguka jengo zima ili ionekane ametoka mbali.

Alifikiria sana habari ya ile karatasi ya tarehe. Miaka yote aliiamini kama mizani. Kitu kisichoazimwa hakihitajiwi, basi. Sasa aliwakumbuka watu ambao hawakuwahi kuazima kitabu hata kimoja. Palikuwa na mama mmoja aliyekuja kila mara, akaenda rafu ileile, akatoa kitabu kilekile, akasoma ukurasa mmoja amesimama, akakirudisha, akaondoka. Bwana Shii alikiondoa kitabu kile kwenye moja ya palizi zake, maana karatasi ilikuwa nyeupe. Yule mama alikuja akakuta pengo. Hakuuliza. Aliweka mkono kwenye pengo, akaenda zake, na hakuonekana tena. Wakati ule Bwana Shii aliona tu kwamba msomaji mmoja amepungua. Wala hakukumbuka kitabu kilihusu nini.

Mambo ya chumba aliyafuta kichwani. Aliuliza mahali pawili pa kupanga, pote pawili walimtazama umri wake na kumuuliza kama ana mtu wa kumwangalia akiugua. Alijibu atawajulisha.

Halafu mlango wake ukagongwa, na aligonga mtu aliyezoea kugonga kengele ya chakula. Msaidizi alitoa kichwa dirishani mwa maktaba kuona ni nani anabomoa. Mdogo wake alikuwa amesimama kizingitini, ana jasho la safari, hakuleta mzigo wowote. Tangu Bwana Shii aanze kuishi mle hakuwahi kufika.

Aliingia akapiga jicho pande zote. Kiti kimoja. Sahani moja kwenye kichanja. Kikombe kimoja, kimegeuzwa juu ya kitambaa kilichokunjwa pembe nne.

"Mgeni akija anakalia nini?"

"Hajaja," alisema Bwana Shii.

Dada alikalia kitanda, kitanda kikalalamika. Alisema kwanza jambo moja lieleweke, hakuja kusamehe. Bado ana hasira, na hasira yenyewe ni nzuri, anaihitaji. Kila asubuhi mguu unampeleka uani wenyewe, anafika mlangoni, anakumbuka, anarudi. Chumba kimekuwa kitupu mpaka kinatisha. Anasikia viatu vyake mwenyewe.

Bwana Shii alibaki amesimama, kiti kipo na hakukikalia. Nje mtoto fulani alikohoa maktabani, na hakuna aliyemfanya kitu.

"Sasa nikuulize," alisema dada. "Siku ile kwenye chai ulisema ulikuwa unataka. Unataka nini? Umekaa kwangu siku zote zile unauliza habari za madirisha. Sema, kaka. Mimi si mpiga ramli wako."

Mzee wa watu alifungua mdomo. Maneno aliyoyazoeza bafuni yote yalikuwa yamemkimbia. Alitazama mikono yake, mikavu kwa karatasi, akaona kwamba haina hata kaunta ya kushika.

"Sina pa kwenda," alisema. "Naomba kile chumba."

Ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Upande wa pili wa ukuta viti viliacha kuvutwa.

Mdogo wake aliinuka, akainama juu ya kitanda, akaanza kukipima kwa shubiri, toka kichwani mpaka miguuni, midomo ikitembea. Akapima na upana. Akasema kitaingia, lakini meza isahau, au meza iingie na yeye alale wima. Akasema kazi ya kufagia uani ni yake. Akasema akithubutu kumwambia shii ndani ya nyumba yake atalala na panya wenyewe.

"Na nyuma ya mlango," alisema, na sauti ikashuka tena ikawa ile ndogo, "usitundike kitu. Hata kofia. Pale paache vilevile."

"Sitatundika."

"Nitakuwa napita asubuhi. Ukiwa umelala, endelea kulala. Ukiwa macho, jifanye umelala."

Bwana Shii alisema atajifanya. Kisha akaenda kuinjika chai, kwa kuwa hakujua mtu hufanya nini kingine. Chai ilipoiva aliimimina kwenye kikombe chake kimoja, akampa mdogo wake, na dada akanywa bila haraka, akipuliza, akitazama ukuta. Yeye alisimama kando akisubiri kikombe kirudi.